Herufi Niliyoiongeza Mwishoni mwa Majina

Nekesa mwanangu,

Uko hapo kwa jirani unasukwa nywele, na kicheko chako kinapita ukuta kinanifikia hapa nilipokaa. Mama yako yuko jikoni anakaanga karanga za kukufungia. Ya neti, ya kuchemsha maji, ya chumba utakachopanga kule Mbale na kufuli lake, atakuambia yeye. Anayajua kuliko mimi, na mengi amekwisha kuyasema. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikwepa tangu siku uliporudi kutoka kwenye usaili.

Siku ile uliingia na vumbi la safari miguuni, ukasema kabla hata ya kuketi, "Baba, nimepata!" Ukatueleza kwamba mkuu wa chumba cha kompyuta kwenye kile kiwanda cha kusaga nafaka ni mwanamke, Mgisu, mkali kidogo, anaitwa Nambozo. Ukasema alikuuliza nani alikufanya upende mashine hizi, nawe ukamjibu kwamba baba yako alikuwa mkuu wa kompyuta katika kiwanda cha mafuta na sabuni hapa Jinja. "Akanitazama usoni," ulisema, "halafu akaniuliza kama naweza kuanza mwezi ukianza."

Mama yako alikukumbatia. Mimi nikaanza kukohoa, mkakimbilia maji. Kikohozi kile hakikuwa cha kifua.

Ninamjua Nambozo. Alifanya kazi chini yangu. Alifukuzwa kwa kosa lililokuwa langu, na mimi ndiye niliyepanga lionekane lake. Kesho unakwenda kuwa chini ya mtu huyo, na sitaki uyasikie kutoka kwake kabla hujayasikia kwangu. Nitakupa barua hii kabla ya chakula, ili uwe na nafasi ya kuamua kama bado unakwenda. Ningeweza kukuita nikakuambia kwa mdomo, lakini najijua. Nikianza kusema nitajitetea. Nimejitetea moyoni miaka hii yote na maneno yenyewe yamekwisha kuwa laini mdomoni.

Nikueleze kwanza kazi yenyewe, maana chuoni ulijifunzia kwenye kompyuta ndogo za mezani, na kule utakuta mashine ya aina nyingine, ile ya ukubwa wa kati inayotumiwa na viwanda, aina ileile tuliyokuwa nayo sisi. Mtu anaandika maandishi ya programu, mistari ambayo mwenzake anaweza kuisoma. Kisha anaiamuru mashine iyatafsiri. Mashine inazaa kitu kingine, programu yenyewe, ambayo haisomeki na mtu yeyote. Kuanzia hapo hivyo viwili vinaishi mbalimbali. Programu inafanya kazi mchana kutwa bila kuyahitaji maandishi yaliyoizaa. Ukiyafuta au kuyabadilisha, yenyewe haina habari. Kinachomwonyesha mtu kwamba maandishi haya ndiyo yaliyozaa programu ile ni jina. Majina yakiachana, atakayekuja kurekebisha atafungua maandishi mengine, atayatafsiri, na kosa lililokwisha kuzikwa litaamka.

Ndiyo maana majina yale yana sheria. Mashine ilitupa herufi kumi tu kwa kila jina, na mimi ndiye niliyepanga tuzitumie vipi. Mbili za kwanza zilitaja idara: CT kwa pamba, SP kwa sabuni, PY kwa mishahara. Ya tatu ilitaja kazi yake: R kwa ripoti, S kwa skrini, W kwa uzito. Kisha tarakimu tatu, basi. Maandishi yaliyo hai yalikaa katika maktaba moja, yaani sehemu moja ya mashine iliyotengwa kwa ajili hiyo, na kila programu ilikuwa na maandishi ya aina moja tu mle, yenye jina lake. Hakuna nakala ya pili. Hakuna jina linaloishia kwa neno "mpya", kwa sababu kipya huchakaa na jina linabaki likidanganya. Hakuna mtu kuweka herufi ya jina lake mwenyewe. Niliyaandika hayo kwa herufi kubwa nikayabandika ukutani juu ya mashine, na kila kijana aliyeajiriwa nilimsimamisha pale ayasome kwa sauti.

Sheria hizo zilikuwa nzuri. Bado ni nzuri. Aliyezivunja ni mimi.

Nilikuwa na maktaba yangu ya pembeni. Kosa likitokea, niliyanakili maandishi na kuyaleta kwangu, nikaongeza herufi moja mwishoni mwa jina, K, ya jina langu, nikarekebisha, nikatafsiri kutoka huko, na programu ikaanza kufanya kazi sawasawa. Ile maktaba kuu nikaiacha na maandishi ya zamani yenye kosa. CTW020 mbele ya watu wote, CTW020K kwangu. Kwa hiyo kila jambo gumu kiwandani lilikuwa na mlango mmoja tu, na ufunguo ninao mimi. Mashine ikikwama wakati wa msimu wa pamba, meneja alikuwa akipaza sauti ukumbini, "Mzee yuko wapi? Mwiteni Mzee!" Nami nilikuja polepole. Nakiri hata hilo: nilikuja polepole makusudi.

Nimejiuliza nilikoitoa tabia hiyo. Unajua nilisomea kazi hii Nairobi, enzi za kadi za kutoboa matundu, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika nikarudi upande huu. Miaka iliyofuata ilikuwa ya askari. Mama yako, mtoto wa kambi ya magereza, alikuwa akiongea nao Kiswahili chao vizuri, ndiyo sababu tulipita vizuizi vingi vya barabarani salama, na ndiyo sababu hata leo majirani hapa Mpumudde wakisikia Kiswahili mlichokipata kwake, wanawaita ninyi watoto wa afande. Mimi niliokolewa na jambo jingine. Ofisini kwetu watu walichukuliwa, na aliyebaki ni yule ambaye hesabu haziwezi kwenda bila yeye. Mkubwa mmoja wa jeshi aliwahi kunitazama kutoka juu mpaka chini, akamuuliza karani, "Huyu ni wa nini?" Karani akajibu, "Bila huyu, afande, mishahara haitoki." Yule akaniacha. Nikajifunza siku hiyo kuwa mtu wa lazima. Lakini wakati ninaokusimulia askari hao walikuwa wamekwisha kuondoka zamani. Ilikuwa mwanzo wa miaka hii ya tisini, viwanda vinafunguliwa upya, hakuna aliyekuwa ananitafuta. Nisijifiche nyuma yao.

Nambozo alikuja kwetu akiwa msichana wa umri wako. Aliyasoma yale ya ukutani kwa sauti, kisha akageuka, akauliza, "Na nikikuta mtu ameyavunja, Mzee, nimwambie nani?" Vijana wakaangua kicheko. Nikamjibu, "Uniambie mimi." Alikuwa na mazoea ya kufungua maandishi ya wengine na kuandika juu kabisa, kwa mstari mmoja, nani amegusa nini na kwa sababu gani. Wenzake walimwita Karani wa Makaburi. Yeye hakujali. "Mimi nikifa kesho," alikuwa akisema, "atakayekuja asinilaani."

CTW020 ndiyo iliyokuwa inapokea uzito wa mbegu za pamba zinazotoka ghala letu la Mbale. Kule Mbale walipima, wakaondoa uzito wa magunia, wakatuma. Programu yetu Jinja ikauondoa tena. Niligundua kosa hilo mwenyewe, nikalirekebisha Jumamosi moja, kwangu, chini ya ile herufi yangu, na shehena zikaanza kulingana. Sikumwambia mtu. Sikuandika mstari wowote juu.

Baadaye kampuni ikafungua ghala la pili, hukohuko Mbale, mtaa wa Namatala. Nambozo akapewa kazi ya kuliongeza kwenye programu. Akafanya kama sheria ilivyosema. Akaenda maktaba kuu, akakuta CTW020, jina safi, akaliongeza ghala, akaandika mstari wake juu, akatafsiri. Hakujua kwamba ameamsha kosa. Asingeweza kujua.

Kuanzia hapo kila lori kutoka Mbale lilionekana limepungukiwa. Walinzi wakaanza kupekua. Dereva mmoja, Mkenya wa upande wa Bungoma, akashushwa getini. Nilimsikia kutoka dirishani: "Mimi mwizi? Mimi? Bwana, nimeendesha barabara hii tangu wewe unanyonya!" Wakampiga, wakampeleka polisi. Alilala huko.

Nambozo alikuwa wa kwanza kuelewa. Alinijia jioni, kazi inaisha, akafunga mlango.

"Mzee, nadhani ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nimetafsiri CTW020, na tangu siku hiyo ndiyo haya. Lakini nimeisoma mara tatu, nilichoongeza ni ghala tu. Hili la magunia lilikuwemo tangu zamani. Sasa mbona zamani uzito ulikuwa unalingana?" Akasogea karibu, macho yanang'aa kama mtu aliyekamata uzi. "Ile programu niliyoibadilisha haijafutwa, Mzee. Mashine imeiweka kando. Tukiiangalia itatuambia ilizaliwa na maandishi gani, yalikuwa maktaba gani. Tuiangalie sasa hivi."

Alisema kweli. Mashine zile haziitupi mara moja programu iliyobadilishwa. Zinaiweka pembeni mpaka mashine izimwe na kuwashwa tena. Na programu huweka kumbukumbu ya maandishi yaliyoizaa: jina, na maktaba. Ingesema maktaba yangu. Ingesema K.

Nikamwambia, "Umechoka. Nenda nyumbani, tutaangalia asubuhi."

"Lakini yule dereva..."

"Asubuhi, Nambozo."

Akaenda. Nilikaa kidogo nikiangalia kiti chake. Nekesa, nilikuwa na nafasi pale. Ningeweza kumkimbilia hata kabla hajafika getini. Meneja angenikaripia, pengine angenitolea barua ya onyo, na watu wangecheka wakielekeza kidole kwenye ile karatasi ya ukutani. Ni hicho tu kilichokuwa mbele yangu, kuchekwa. Sikuogopa njaa wala jela. Kama ningekuwa nimeogopa njaa, leo ningekuandikia bila aibu kubwa hivi.

Nikaiambia mashine ijizime na kujiwasha. Ilipoamka, programu ya zamani haikuwepo. Kisha nikachukua yale maandishi yangu yenye K, nikayaweka katika maktaba kuu kwa jina safi la CTW020, ionekane kwamba yaliyorekebishwa yalikuwa pale siku zote. Nikafuta ya kwangu. Mpaka hapo nilikuwa nimejificha tu. Lakini nikaenda mbele. Maandishi ya Nambozo, na mstari wake juu, nikayaweka katika maktaba yake ya mazoezi, nikayatafsiri upya kutoka humo, nikaizima mashine mara ya pili. Maana yake ilikuwa wazi kwa yeyote atakayeangalia: huyu binti aliweka nakala yake ya zamani kinyume cha sheria, akaifanyia kazi hiyo, akaitafsiri juu ya kazi nzuri ya watu. Kosa langu lenyewe, kama lilivyo, nikalivisha mtu mwingine.

Niliwahi kumsimulia padri mmoja habari hii, hili la mwisho nikaliruka. Yale ya kwanza nilisema, hili nikalimeza. Wewe ni wa kwanza kulisoma.

Asubuhi tukaitwa kwa meneja, Bwana Mugoya, marehemu sasa. Alikuwa mtu wa Budondo, mpole kwa kawaida, ila yale ya polisi yalikuwa yamemchafua.

"Nambozo, hii ni nini katika maktaba yako?"

"Sijui, bwana. Sikuiweka mimi."

"Imejiweka?"

Vijana wa kompyuta walioitwa pamoja nasi wakacheka. Nambozo akanigeukia. Hakuwa na hasira bado. Alinitazama kama mtu anayemtazama shahidi wake.

"Mzee, sema. Nilikuja kwako jana. Nilikuambia tuangalie ile ya zamani kabla haijapotea. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Ulikuja," nikasema. "Lakini ilibidi mashine izimwe. Umeme ulikuwa unachezacheza."

"Umeme?" Akatazama dirishani, akanitazama tena. "Mzee, tuko Jinja. Bwawa la umeme liko hapo chini."

Wakacheka tena, safari hii pamoja naye, na kwa kitambo kidogo nilidhani nimeshikwa. Nilitamani kushikwa, kama unaweza kuniamini. Lakini Bwana Mugoya akagonga meza. "Wewe binti, unamletea mzaha mtu aliyekufundisha kazi! Sheria ziko ukutani, hata anayefagia anazijua. Wewe uliona hazikuhusu?" Akanigeukia. "Mzee, wewe unasemaje?"

Nikasema, "Bado ni kijana. Vijana hukosea."

Hayo ndiyo maneno yangu. Niliyasema kwa upole, kama ninayemwombea msamaha. Niliona uso wake ukibadilika wakati huo, si kabla. Alielewa yote kwa sababu ya upole ule.

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Alikuja kuchukua mkoba wake, akapita mbele ya karatasi ya ukutani, akasimama hapo. Nilidhani ataichana. Akasema bila kugeuka, "Sheria ni nzuri, Mzee. Zifuate." Akatoka.

Dereva akaachiliwa. Alikuja mpaka chumba cha kompyuta, jicho limevimba, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante, mzee wangu. Wamesema ni wewe umepata kosa lilipokuwa. Mungu akuweke." Nikamwambia si kitu.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe. Ulikuwepo, ulikuwa umevaa gauni la njano. Walisema maneno mengi kuhusu uangalifu wangu, na kwamba katika miaka yote maandishi yangu hayakuwahi kupotea. Ulipiga makofi kuliko wote.

Nambozo nilimwona mara moja baada ya hapo. Nilikwenda Mbale kwenye mazishi, na wakati wa kurudi nikapita Namatala kwa miguu kutafuta gari. Alikuwa ameketi chini, ametandika turubai la nguo za mitumba, anapigania bei ya sweta na mama mmoja. "Mama, hii si ya kwako, hii ni ya mtu mwenye macho!" Wote wawili wakacheka. Alikuwa amekonda. Nikavuka barabara, nikasimama nyuma ya lori la ndizi mpaka mteja mwingine alipomzuia kuona upande wangu, kisha nikaenda zangu. Mtu mzima, nimevaa suti ya mazishi, nimejificha nyuma ya ndizi. Ikaja kusikika baadaye kwamba anachapia watu barua, na kwamba kile kiwanda cha nafaka kiliponunua mashine yake hakikupata mtu mwingine wa kuielewa. Nilifurahi. Nilijiambia basi imekwisha, amesimama tena, hakuna deni. Ndivyo nilivyokuwa najisemesha mpaka siku uliyoingia na vumbi miguuni.

Leo mchana nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua karanga. Hakuinua macho, aliendelea kutoa zilizooza. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nakusifu kwa watu." Hajasema jingine tangu hapo, isipokuwa kuniuliza kama nimemeza dawa.

Na asubuhi, nilipowaambia nakwenda kliniki, sikwenda kliniki. Nilipanda bodaboda ya baiskeli mpaka kwenye lile duka lenye simu. Kijana wa baiskeli alikuwa na wasiwasi na mimi kuliko mimi mwenyewe. "Mzee, we shika mzuri! Ukianguka hapa watu watasema mimi naua wewe." Nikamwambia asiogope, nimekwisha kuchelewa kufa. Akacheka, lakini akapunguza mwendo.

Nambozo alipokea mwenyewe.

"Nambozo, ni mimi."

"Najua. Sauti yako imezeeka."

"Yule mtoto uliyemwajiri..."

"Najua ni wa nani. Aliniambia mwenyewe, hana hila. Nilikuwa nimejua kabla hajamaliza kusema."

"Basi kwa nini umemchukua?"

"Kwa nini nini? Mtoto anajua kazi. Niliwauliza wote swali moja: ukikuta maandishi mawili ya programu moja, utafanya nini? Huyu anasema atachukua ya karibuni, yule anasema yenye mistari mingi. Wa kwako akasema hagusi kitu mpaka aiulize programu yenyewe imezaliwa wapi. Nani alimfundisha?"

Nikasema, "Mimi."

Akacheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na sikutakii ukisikie. "Wewe," akasema. "Wewe!"

Unakumbuka nilipokufundisha hilo? Ulikuwa likizo, tumeketi hapa uani, ukaniuliza swali la chuoni, nami nikakujibu haraka mno, kama mtu anayelijua jibu kwa kulilipia. Sikulilipia mimi.

Nikamwambia Nambozo kwamba nataka kuja nawe kesho, nisimame mbele ya watu wake niseme nilichofanya.

"Watu wangu? Hawa hawakuwepo. Hawa wananijua mimi mkuu wao. Unataka kuja kuwaambia kwamba niliwahi kufukuzwa kama mharibifu wa kazi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Hata toba yangu nilikuwa nimeipanga kwa namna itakayonipendeza mimi, safari, watu wamesimama, mzee analia.

"Waliocheka ndio ungewaambia," akasema.

"Bwana Mugoya alikufa."

"Wengine wako hapo hapo Jinja. Unawajua." Nikasikia mtu akimwita kwa nyuma, akamjibu kwa Kigisu, kisha akarudi kwangu. "Mzee, sikiliza. Mtoto aje. Wewe usije."

Akakata. Mwenye duka akaniuliza kama nimemaliza, maana kuna watu wanangoja.

Kwa hiyo kesho sitakusindikiza, na sababu si kifua. Ukiwa barabarani, mama yako atanishika mkono mpaka kiwanda chetu cha zamani. Wawili kati ya wale waliocheka bado wako katika chumba cha kompyuta. Nitawaambia yote, pamoja na lile nililomficha padri. Pengine watasema mzee amechanganyikiwa. Pengine watacheka, ndicho nilichokiogopa tangu mwanzo, na nitakuwa nimesimama pale wakicheka. Nitawaomba wafungue CTW020, kama bado ipo, waandike juu kabisa kwamba aliyeibadilisha kwa ajili ya ghala la Namatala alifanya kazi yake sawasawa. Wakikataa, sina la kuwafanya. Nitakuwa nimeomba.

Sikupi ushauri wa uaminifu. Ningeona haya kuandika neno hilo kwa mkono huu. Ninachokijua ni kidogo, na ni cha kazi: ukirekebisha jambo, lirekebishe pale ambapo mwingine atakuja kulitafuta. Usitamani kuitwa ukumbini. Na siku utakapokosea, maana utakosea, jioni ileile mtu atakuja na kufunga mlango na kukuambia tuangalie sasa hivi. Angalieni.

Ukiamua kutokwenda, nitaelewa, na nitamwambia Nambozo mwenyewe kwamba sababu ni mimi. Lakini ningependa uende. Hakuna mtu anayeijua kazi hii kuliko yeye, na ulipaswa kufundishwa na yeye tangu zamani badala yangu. Atakuwa mkali. Mvumilie. Kuna siku, pengine si karibuni, atakuja kukusimulia mimi ni mtu wa namna gani. Utaona uso wake unavyokuwa, na damu itakuchemka, utataka kusema lakini baba yangu, lakini wakati ule, lakini mzee alikuwa mgonjwa.

Usinitetee, Nekesa. Mwache amalize.

Baba yako